Nusu kaputi au sindano ya mgongo? Namna ya kuamua kabla ya kutolewa mfuko wa nyongo

Mtu akishapangiwa tarehe ya kutolewa mfuko wa nyongo, maswali yake mengi huwa ya upasuaji wenyewe: nitatobolewa matundu mangapi, nitalazwa siku ngapi, nitakula nini baadaye. Suala la usingizi huachwa hadi saa za mwisho, mtaalamu wa usingizi anapokuja na faili mkononi huku wagonjwa wengine wakimsubiri. Hapo hakuna mashauriano tena, kuna kutia saini tu.

Mwongozo huu unakusaidia kuyafanya mashauriano hayo mapema. Usitegemee kusikia kwamba njia moja ni salama na nyingine ni hatari. Zote mbili zimetumika kwa wagonjwa wengi na zote zina pa kushikia na pa kuogopea. Uamuzi unategemea namna utakavyopasuliwa, hali ya mwili wako, na mazoea ya timu itakayokuhudumia. Anza na la kwanza, kwa sababu hilo ndilo linaloyaburuta mengine.

Hatua ya 1: Jua kwanza utapasuliwaje

Mfuko wa nyongo hutolewa kwa njia mbili. Ya zamani ni ya kufungua tumbo kwa mkato chini ya mbavu za kulia; Carl Langenbuch aliifanya kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882. Ya pili ni ya matundu madogo na kamera, yaani laparoskopi, ambayo Erich Mühe aliianza nchini Ujerumani mwaka 1985 na sasa ndiyo ya kawaida.

Katika laparoskopi, daktari huingiza gesi ya kaboni dayoksaidi tumboni ili ukuta wa tumbo uinuke kama puto na apate nafasi ya kuona na kufanya kazi. Kwa kawaida mgandamizo wake huwa milimita 12 hadi 15 za zebaki. Kitanda huinuliwa upande wa kichwa na kulazwa kidogo upande wa kushoto ili utumbo ushuke na kuliacha ini wazi.

Gesi hiyo hufanya mambo mawili yanayomhusu mtu wa usingizi. Kwanza, hukisukuma juu kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na mapafu yakakosa nafasi ya kutanuka. Pili, sehemu yake hufyonzwa na damu, nayo lazima itolewe kwa kupumua. Ukiwa kwenye nusu kaputi, mashine inapumua kwa niaba yako na mtaalamu huongeza kasi yake kadiri inavyohitajika. Ukiwa na ganzi ya mgongo, kazi hiyo ni yako, kwa mapafu yako mwenyewe, tumbo likiwa limejaa.

Basi muulize daktari wa upasuaji: ni laparoskopi au ni kufungua? Kama ni laparoskopi, uwezekano wa kulazimika kufungua katikati ya kazi ni mkubwa kiasi gani kwa hali yangu? Mfuko uliovimba vibaya au ulioshikamana na viungo vya jirani huongeza uwezekano huo, na huongeza muda wa upasuaji pia. Ganzi ya mgongo ina muda wake, haisubiri.

Hatua ya 2: Elewa kila njia inavyofanya kazi

Nusu kaputi huanza kwa dawa inayopita kwenye dripu, mara nyingi propofoli, pamoja na dawa kali ya maumivu kama fentanili. Ndani ya dakika moja hivi unakuwa umelala. Kisha hutiwa dawa ya kulegeza misuli, mrija huingizwa kwenye koo la hewa, na mashine huanza kupumua. Usingizi huendelezwa kwa gesi ya kuvuta au kwa dawa ya mshipani. Misuli ikilegea, tumbo linapanuka kwa urahisi na daktari anafanya kazi kwa utulivu. Ule mrija nao hukinga mapafu yasiingiwe na matapishi.

Sindano ya mgongo huchomwa ukiwa umekaa au umelala ubavu, mgongo umekunjwa. Ngozi husafishwa na kutiwa ganzi kidogo, kisha sindano nyembamba hupitishwa kati ya pingili za kiuno, chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia kwa watu wazima wengi. Kwa hiyo hofu ya kwamba sindano inachoma uti wenyewe haina msingi mkubwa. Inaingia kwenye maji yaliyozunguka neva. Dawa inayotumika sana ni bupivakeini nzito ya asilimia 0.5, kiasi cha mililita 3 hivi, mara nyingi pamoja na fentanili kidogo. Inaitwa nzito kwa sababu imechanganywa na sukari, ikawa inateremka kufuata mwinamo wa mwili. Kwa upasuaji wa nyongo, kitanda huinamishwa upande wa kichwa kwa muda ili dawa ipande, kwani ganzi inatakiwa kufika hadi usawa wa chuchu. Vituo vichache vyenye uzoefu mkubwa huchoma juu zaidi, usawa wa kifua, kwa dozi ndogo. Hiyo ni kazi ya waliobobea.

Ganzi ikifika juu hivyo, usishtuke ukihisi kana kwamba hupumui. Hisia za ukuta wa kifua zimezimwa, lakini kiwambo kinaendelea na kazi kwa sababu neva yake inaanzia shingoni. Ukiweza kuongea kwa sauti yako ya kawaida, hewa inapita.

Mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji akiwa na sindano ya mgongo mara nyingi husema, "Hiyo naijua." Kweli, urefu wa ganzi unakaribiana. Kisichofanana ni gesi.

Hatua ya 3: Liulizie bega

Hapa ndipo sindano ya mgongo inapofika ukomo wake katika laparoskopi, na ndilo jambo ambalo wagonjwa huambiwa kwa haraka kuliko yote.

Neva ya kiwambo hutoka shingoni, kwenye neva ya tatu hadi ya tano, eneo lilelile linalopokea hisia za bega. Gesi inapokisukuma na kukikera kiwambo, ubongo husoma maumivu hayo kama ya bega, hasa la kulia. Ganzi ya mgongo haifiki huko juu, wala haitakiwi kufika, maana ikifika shingoni kiwambo chenyewe kitalegea na utashindwa kupumua. Kwa hiyo unaweza kuwa hausikii lolote tumboni, kisu kinafanya kazi yake, lakini bega linauma.

Si kila mtu hulisikia. Wengine huona ni uzito tu, wengine hupewa dawa kidogo kwenye dripu wakatulia, na wachache huumwa kiasi kwamba inabidi wabadilishiwe kwenda nusu kaputi palepale. Timu zenye mazoea hupunguza tatizo hilo kwa kushusha mgandamizo wa gesi hadi milimita 8 hadi 10, kuiingiza polepole, kutoinamisha kitanda kupita kiasi, na wengine hunyunyizia ganzi chini ya kiwambo. Hapo utaona kwamba sindano ya mgongo si uamuzi wa mtu wa usingizi peke yake. Daktari wa upasuaji aliyezoea tumbo lililopanuka na misuli iliyolegea akilazimishwa kufanya kazi kwenye nafasi finyu, juu ya mgonjwa anayekohoa na kujigeuza, hatafurahi, na wewe pia hutafurahi.

Bega huuma hata baada ya nusu kaputi, kwa siku moja au mbili, mpaka gesi iliyobaki iishe. Tofauti ni kwamba wakati wa upasuaji ulikuwa umelala.

Hatua ya 4: Uangalie mwili wako bila kujidanganya

Kuna hali ambazo sindano ya mgongo haifai kabisa: damu isiyoganda vizuri au chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) chache mno, maambukizi kwenye ngozi ya mahali pa kuchoma, shinikizo kubwa ndani ya fuvu, upungufu mkubwa wa maji au damu mwilini, na mgonjwa mwenyewe kukataa. Hilo la mwisho si la adabu tu. Ni sababu kamili ya kitabibu. Ugonjwa wa valvu ya moyo iliyobana nao huifanya iogopwe, kwa sababu ganzi hupanua mishipa ya damu na kushusha presha ghafla.

Presha kushuka, hata hivyo, hutokea kwa watu wenye afya pia. Ganzi inapopanda juu kifuani, mapigo ya moyo nayo yanaweza kupungua. Mtaalamu hujiandaa kwa maji ya dripu na dawa za kupandisha presha, na mara nyingi hurekebisha kabla hujajua. Wewe utasikia kichefuchefu au kizunguzungu. Sema hapohapo, usivumilie.

Upande wa nusu kaputi, mambo ya kueleza ni haya: kama mtu wa familia aliwahi kupata joto kali la hatari au kufariki bila sababu inayoeleweka akiwa kwenye usingizi, kwani kuna tatizo la kurithi linaloamshwa na baadhi ya gesi za usingizi na dawa moja ya kulegeza misuli, kama uliwahi kuambiwa kwamba mrija ulikuwa mgumu kuingia, kama una meno yanayolegea, shingo isiyogeuka, au mdomo usiofunguka vizuri, na kama unakoroma sana na pumzi kukatika usiku.

Wenye magonjwa sugu ya mapafu ndio hutajwa zaidi kuwa wanafaidika na sindano ya mgongo, kwa sababu hawawekewi mrija wala mashine. Nakubaliana, ila kwa sharti. Mtu ambaye hupumua kwa kusaidiwa na misuli ya mbavu, na anayehitaji kukohoa kutoa makohozi, akizimwa misuli hiyo halafu akajazwa gesi tumboni, anaweza kuwa pabaya zaidi. Wa wastani wanafaidika. Walio hoi wanahitaji mazungumzo marefu, pengine na upasuaji wa aina nyingine kabisa. Unene uliokithiri nao huipa nusu kaputi nafasi ya kwanza, na vivyo hivyo mfuko uliovimba kwa ghafla.

Halafu kuna kutapika. Alama zinazotumiwa na wataalamu tangu 1999 ni nne: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwahi kutapika baada ya upasuaji au kutapika safarini, na kupewa dawa za jamii ya mofini baada ya upasuaji. Asiye na hata moja ana uwezekano wa asilimia 10 hivi. Mwenye zote nne unakaribia 80. Wagonjwa wengi wa mawe ya nyongo ni wanawake, kwa hiyo alama mbili au tatu ni jambo la kawaida. Nusu kaputi ya gesi huongeza kichefuchefu, sindano ya mgongo hukipunguza baada ya upasuaji. Kama mara iliyopita ulitapika siku nzima, sema. Hata ukichagua nusu kaputi, unaweza kupewa ya mshipani isiyo na gesi, pamoja na dawa mbili au tatu za kuzuia kutapika.

Mwishowe ni tabia yako. Je, unaweza kulala chali bila kujigeuza kwa saa moja au zaidi, ukisikia vyuma na mazungumzo? Wapo wanaopenda kujua kinachoendelea. Wapo ambao wataanza kutetemeka kabla hata gesi haijaingia. Hakuna aibu katika lolote kati ya hayo mawili.

Hatua ya 5: Leta dawa zako zote mezani

Zilete zenyewe, pamoja na pakiti zake. Majina husahaulika.

Za kuzuia damu kuganda ndizo muhimu zaidi kwa sindano ya mgongo, kwa sababu damu ikivuja na kukusanyika karibu na uti inaweza kupoozesha miguu. Warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla na kipimo cha damu kurudiwa. Klopidogreli siku 5 hadi 7. Sindano za heparini ya molekuli ndogo, kama enoksaparini, zikiwa za kinga huhitaji angalau saa 12, na za dozi ya matibabu saa 24. Aspirini peke yake kwa kawaida haizuii. Usisimamishe yoyote kwa uamuzi wako, hasa kama umewekewa kifaa cha kupanua mshipa wa moyo. Daktari wa moyo, wa upasuaji na wa usingizi waelewane kwanza. Ikiwa dawa haiwezi kusimamishwa, jibu limejitokeza lenyewe: ni nusu kaputi.

Vidonge vya kisukari vya jamii ya dapagliflozini na empagliflozini husimamishwa siku 3 kabla, kwa sababu vinaweza kuleta asidi hatari kwenye damu hata sukari ikiwa ya kawaida. Na zile sindano za kila wiki za kisukari na kupunguza uzito, kama semaglutaidi, huchelewesha chakula tumboni. Unaweza kufunga saa zote ulizoambiwa na bado tumbo likawa na kitu. Wanaozitumia wamo wengi miongoni mwa wagonjwa wa nyongo, maana kupungua uzito haraka hutengeneza mawe.

Hatua ya 6: Kaa na mtaalamu wa usingizi na uulize

Muombe muda siku chache kabla, usingoje asubuhi ya upasuaji. Maswali yenye faida ni haya:

- Timu hii hufanya laparoskopi ya nyongo kwa sindano ya mgongo mara kwa mara, au mimi nitakuwa wa kwanza wao?
- Bega likiuma mtafanya nini, na mkifika wapi mtaniwekea mrija?
- Mtanipa dawa ya kunituliza? Kiasi gani?
- Baada ya upasuaji maumivu yatadhibitiwaje?

Swali la tatu lina uzito kuliko linavyoonekana. Dawa kidogo ya kutuliza ni sawa. Lakini ikiwa mgonjwa anasinzishwa hadi hajibu, tumbo limejaa gesi, na koo halina mrija, huko ni kubeba hatari za njia zote mbili kwa pamoja. Ikifika hapo, nusu kaputi kamili ni salama zaidi.

Jibu la swali la kwanza likiwa "mara chache", mimi ningechukua nusu kaputi bila kujiuliza mara mbili. Ndiyo njia ambayo wataalamu wengi duniani huitumia kwa laparoskopi ya nyongo, na mazoea ya timu yana thamani kuliko ubora wa njia kwenye karatasi. Wenye hofu ya kuzinduka katikati ya upasuaji wajue kwamba uchunguzi mkubwa uliotolewa Uingereza na Ireland mwaka 2014 ulikadiria tukio hilo kuripotiwa na mgonjwa 1 kati ya 19,000 hivi.

Ukichagua sindano ya mgongo, ridhia pia nusu kaputi kwenye fomu hiyohiyo. Bila ridhaa hiyo, mabadiliko ya ghafla yatawakuta watu wakitafutana kalamu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Funga sawasawa kwa njia yoyote: saa 6 bila chakula, saa 8 kama kilikuwa kizito na cha mafuta, na saa 2 bila maji. Waliochagua sindano ya mgongo ndio huteleza hapa, wakidhani wao hawalazwi usingizi. Wanaweza kulazwa.

Toa meno ya bandia, pete na rangi ya kucha, kwani kifaa cha kupima oksijeni hukaa kwenye kidole. Wakati wa kuchomwa mgongo, legeza mabega, kidevu kwenye kifua, sukuma kiuno nje. Ukisikia mshtuko kama wa umeme ukishuka mguuni, sema bila kuruka. Kabla ya kisu, ganzi hupimwa kwa kitu baridi au cha kuchoma. Jibu kwa ukweli, usitake kuonekana jasiri.

Hatua ya 8: Saa na siku zinazofuata

Aliyeamka kutoka nusu kaputi atakuwa na koo linalokwaruza na usingizi, na maumivu ya tumbo humuanza mapema zaidi. Aliyechomwa mgongo hukaa saa kadhaa za mwanzo bila maumivu mengi, kisha ganzi inaisha na yote huja kwa pamoja. Omba dawa ya maumivu miguu inapoanza kuchezacheza, usingoje. Asisimame peke yake hadi miguu irudi kabisa, na aangalie mkojo: ikipita saa 6 hadi 8 bila kukojoa huku tumbo la chini limejaa, huenda akahitaji katheta, yaani mrija wa kutoa mkojo, kwa muda.

Kichwa kinachouma ukikaa na kupoa ukilala, kinachoanza siku ya kwanza hadi ya tatu, kinatokana na maji ya uti kuvuja kwenye tundu la sindano. August Bier, aliyeanzisha njia hii mjini Kiel mwaka 1898, alichomwa yeye mwenyewe na msaidizi wake na akaugua kichwa cha namna hiyo siku zilizofuata. Sindano za siku hizi, nyembamba na zenye ncha ya penseli, zimekipunguza sana. Hutibiwa kwa vinywaji, parasetamoli na kafeini. Kikikaidi, damu yako kidogo huchomwa karibu na tundu ili kuliziba.

Usiendeshe gari wala kusaini mikataba kwa saa 24 baada ya nusu kaputi au dawa za kutuliza. Rudi hospitali mara moja, hata usiku, ukiona miguu iliyokwisha kurudi inalegea tena, unapoteza hisia sehemu za siri, unashindwa kuzuia haja, au mgongo unauma kwa kasi: hapo kila saa ina hesabu yake. Homa, macho ya njano na maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua hayahusiani na usingizi. Hayo mpelekee daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.